Neno “lest” bila kujikwaa: mwongozo kamili wa kulisoma, kulitafsiri na kuliandika

Sentensi yenyewe ni fupi: “Speak softly, lest the guards hear you.” Niliitunga kwa ajili ya darasa langu la jioni la tafsiri, na kila kundi jipya nalikabidhi siku ya kwanza. Majibu hayabadiliki. Mmoja ataandika, “Sema polepole isipokuwa walinzi wakusikie.” Mwingine, “Sema polepole, angalau walinzi wakusikie.” Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayejiamini kuliko wote, ataandika, “Sema polepole ili walinzi wakusikie,” na hapo mfungwa wa watu keshanyongwa.

Hawa si wanafunzi wabovu. Wengine wanafundisha Kiingereza mchana. Ila wote wanakosea palepale: wanatafuta neno. “Lest” hutangulia jambo baya linaloepukwa. Kiswahili hakina neno moja la kusimama badala yake, wala hakilihitaji, kwa sababu kina muundo mzima wa kitenzi unaofanya kazi hiyo. Mama yako aliutumia kwako tangu siku ulipoanza kutambaa karibu na jiko.

“Lest” limetoka katika Kiingereza cha sokoni siku nyingi. Utalikuta kwenye tamthilia za kale, kwenye Biblia ya King James ya 1611, kwenye mashairi, kwenye riwaya za karne ya 19 na kwenye hotuba za wakubwa. Ukisoma au kutafsiri mojawapo ya hayo, huna pa kulikwepa.

## Vitu vya kuandaa

- Sentensi yenyewe pamoja na ile iliyoitangulia. Usikubali kupewa kipande kilichokatwa.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kamusi ya Kiingereza yenye mifano ya sentensi. Kamusi inayotoa maana tupu haitakusaidia hapa.
- Jozi ya maandiko yanayoweza kuwekwa sambamba: Biblia ya King James na ile ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, au Kurani kwa Kiingereza cha Yusuf Ali na kwa Kiswahili cha Ali Muhsin al-Barwani. Sikuiti kanisani wala msikitini. Ni kwamba watu waliokijua Kiswahili barabara walishalishughulikia neno hili humo mara nyingi, na kazi yao iko wazi kwa yeyote kujifunzia.
- Mtu mmoja anayezungumza Kiswahili nyumbani na asiyejali Kiingereza chako. Huyu utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Tenga kinga na balaa

Sentensi ya “lest” ina vipande viwili. Kimoja ni jambo linalofanywa au kuamrishwa, nakiita kinga. Cha pili ni jambo baya linaloepukwa, nakiita balaa. “Lest” husimama mlangoni pa balaa, mara zote.

Piga mstari wa rangi ya kwanza chini ya kinga, wa rangi ya pili chini ya balaa:

“Speak softly” ni kinga. “The guards hear you” ni balaa.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba msomaji anayejikwaa kwa kawaida hajajua nani anamwogopa nani. Akishajua, nusu ya tafsiri imekwisha kujiandika.

Onyo: kinga haikai karibu kila wakati. Katika Marko 13:35–36 ya King James, amri ni “Watch ye therefore”, kisha yanafuata maneno mengi kuhusu bwana wa nyumba ambaye haijulikani atakuja jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo au asubuhi. Ndipo, mstari mpya, tunasoma: “Lest coming suddenly he find you sleeping.” Anayeusoma mstari wa 36 peke yake hataiona kinga, na ataanza kubuni. Rudi nyuma mpaka uione.

Wakati mwingine balaa hutangulia. Utakuwa umesikia kwenye harusi au mahafali, mshereheshaji akishika maikrofoni: “Lest I forget, let me recognise the presence of…” Balaa ni kusahau, kinga ni kutaja jina la mgeni sasa hivi. Hapa kwetu nadhani ndipo neno hili limebaki hai kuliko popote.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa pumzi moja: fulani anafanya hivi kwa sababu hataki vile. Kama huwezi, usiendelee.

## Hatua ya 2: Uone ukanushi uliojificha

Kipande cha balaa, ukikitazama, hakina “not”. “The guards hear you”: walinzi wanakusikia. Ndiyo maana yule mwanafunzi wa tatu akaandika “ili wakusikie”. Aliona kitenzi hakijakanushwa, akakitafsiri kama alivyokikuta.

Ukanushi umo ndani ya “lest” lenyewe. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitokana na fungu la maneno lenye “less” ndani yake, yaani pungufu. Halina udugu wa maana na “least” ya “at least”, ingawa zinafanana machoni, na wala si “unless”. Anayeandika “angalau” ameona “least”. Anayeandika “isipokuwa” amesikia “unless”. Na kwa sisi ambao ulimi unachanganya l na r, wapo wanaosikia “rest” na kuanza kumpumzisha mfungwa.

Jaribio ni hili. Ondoa “lest”, weka “so that” mwanzoni na “not” kwenye kitenzi:

“Speak softly, so that the guards do not hear you.”

Maana ikibaki ileile, umelishika. Ikiharibika, umekosea kuitambua kinga. Rudi hatua ya 1.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usiongeze “not” juu ya “lest”. “Hurry, lest you should not be late” ni kumwambia mtu aharakishe ili achelewe. Ukikuta “not” imewekwa na mwandishi mwenyewe baada ya “lest”, basi balaa lenyewe ni jambo kutotokea. “She waited at the gate lest he not see the house”: anachohofia ni kwamba hataiona nyumba. Kiswahili chake ni “asije akakosa kuiona nyumba” au “asije akaipita”.

## Hatua ya 3: Geuza balaa kwa -sije na -ka-

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Sikiliza watu jikoni na barazani. “Geuza chapati isije ikaungua.” “Funga mlango paka asije akaingia.” “Shuka polepole usije ukaanguka.” “Sema taratibu, majirani wasije wakasikia.” Kila moja ya sentensi hizi ni “lest” tupu. Ina kinga, ina balaa, na ukanushi umewekwa kwenye -sije, ukiacha kitenzi cha balaa kiende na -ka- bila kukanushwa. Kumbe ni mpangilio uleule wa Kiingereza: ukanushi mlangoni, kitenzi ndani kikiwa salama.

Kanuni ya kwanza ni upatanisho. Vitenzi vyote viwili vinabeba kiambishi cha mtendaji wa balaa, si cha mtendaji wa kinga. “Funga mlango paka asije akaingia”: anayefunga ni wewe, lakini -sije ni ya paka. Kosa ninalokutana nalo sana ni “Funga mlango usije paka akaingia”, ambapo mtafsiri amevutwa na mtu aliyekuwa anaamriwa. Ngeli nazo zifuatwe: mti usije ukaanguka, maneno yasije yakafika, mvua isije ikatukuta, moto usije ukazimika.

Sasa fungua zile jozi. Mwanzo 3:3, mwanamke anamjibu nyoka kuhusu tunda. King James: “neither shall ye touch it, lest ye die.” Union Version: “wala msiyaguse, msije mkafa.” Maneno mawili kwa matatu, na hakuna kilichopotea.

Katika Kurani, sura ya 49 aya ya 6, Yusuf Ali anaandika kuhusu habari inayoletwa na mtu mwovu: “ascertain the truth, lest ye harm people unwittingly, and afterwards become full of repentance.” Al-Barwani: “ichunguzeni, msije mkawasibu watu kwa kutojua, na mkawa wenye kujuta”. Angalia “mkawa”. “Msije” moja imebeba balaa mbili, ya kwanza na ya pili iliyozaliwa nayo, na -ka- ndiyo inayozifunga pamoja. Kiingereza nacho kina “lest” moja tu. Usirudie “msije” mara ya pili. Sentensi itakuwa kama mtu anayegonga mlango ulio wazi.

Zaburi 2:12 inaongeza ugumu kidogo: “lest he be angry, and ye perish from the way.” Balaa la kwanza ni lake yeye, la pili ni lenu ninyi. Union Version inasema “asije akafanya hasira, nanyi mkapotea njiani”. Mtendaji amebadilika katikati, -ka- imeendelea kama kawaida. Ukiweza kuandika sentensi hiyo bila kutazama, huna tena shida na muundo.

Je, ni lazima iwe -sije kila wakati? Hapana. Wakorintho wa Kwanza 10:12 katika King James inasema anayedhani amesimama “take heed lest he fall”, na Kiswahili kinajibu kwa ufupi: “aangalie asianguke”. Watu wa mnara wa Babeli, Mwanzo 11:4, wanajenga “lest we be scattered abroad”, na Union Version inawapa “ili tusipate kutawanyika”.

Kwa hiyo una njia tatu, na uchaguzi ni wa sikio zaidi kuliko wa kanuni. Mimi naenda hivi. Kama balaa liko mikononi mwa mtu mwenyewe na sentensi ni kali, fupi inatosha: asianguke, usichelewe. Kama sentensi ina mpango, watu wamekaa wakapanga kuzuia jambo, “ili tusipate” inafaa. Kama kuna harufu ya bahati mbaya, ya jambo linaloweza kutokea mtu akiwa hana habari, hapo hakuna kinachoishinda -sije -ka-. Na kwa kuwa waandishi wa fasihi huliita “lest” hasa pale penye bahati mbaya, hiyo ya tatu utaitumia mara nyingi zaidi.

Kuhusu “isije ikawa” inayotolewa na baadhi ya kamusi: si kosa, lakini ni gongo la mtu asiye kilema. “Sema taratibu, isije ikawa walinzi wakakusikia” inaeleweka; “walinzi wasije wakakusikia” inatembea yenyewe. Iweke akiba kwa balaa refu lenye maelezo mengi.

## Hatua ya 4: Hofu bila kinga

Kuna sentensi za “lest” zisizo na kinga yoyote, kwa sababu kitenzi cha mbele ni cha kuogopa: “I fear lest he die.” Hakuna anayefanya lolote kuzuia kifo. Kuna hofu tu.

Kiswahili kina kitenzi kilichotengenezwa kwa kazi hii, na inasikitisha kuona kinavyosahauliwa: kuchelea. Mtu huchelea jambo lisije likatokea. Wakorintho wa Pili 11:3, pale King James inaposema “But I fear, lest by any means…”, Union Version inaanza “Lakini nachelea”, na mbele kidogo inakuja “asije”. Na waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walikuwa wanazungumzia mzazi ambaye kila amri yake ina “lest” ndani: asiseme hapana, mtoto asije akalia.

Onyo: baada ya kuogopa, usiandike “naogopa hatakufa”. Hiyo ni hofu ya mrithi mwenye haraka. Andika “nachelea asije akafa”, au ukitaka lugha ya leo, “naogopa atakufa”.

## Hatua ya 5: Fanyia kazi maandishi halisi

Nimechagua tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa sababu ina “lest” za kila namna, na kwa sababu msomaji wa Kiswahili ana njia ya kujipima: Mwalimu Nyerere aliitafsiri, toleo la kwanza likatoka 1963 na lililorekebishwa 1969. Fanya tafsiri yako kwanza, ndipo ukamtazame. Ukianza kwake hutajifunza kitu, utanakili tu. Tafsiri zilizo hapa chini ni zangu.

Mfano wa kwanza, tendo la 2, onyesho la 2. Caesar amegoma kwenda Barazani. Decius, ambaye ni mmoja wa wala njama, anaomba apewe sababu: “let me know some cause, / Lest I be laugh'd at when I tell them so.” Kinga ni kupewa sababu, balaa ni kuchekwa. “Nipe japo sababu moja, nisije nikachekwa nitakapowaambia hivyo.” Tazama “be” hapo. Si “am”. Tutairudia.

Mfano wa pili, tendo la 3, onyesho la 1. Caesar ameshauawa, damu haijakauka. Metellus anawaambia wenzake: “Stand fast together, lest some friend of Caesar's / Should chance—” na Brutus anamkata kauli. Wanafunzi wengi huimalizia sentensi kwa huruma: “asije rafiki wa Caesar akatushambulia.” Usiimalizie! Mwandishi ameikata, nawe ikate. Na Kiswahili kinakatika vizuri kuliko hata Kiingereza: “Simameni imara pamoja, asije rafiki fulani wa Caesar aka—”. Kile kiambishi kilichobaki kinaning'inia hewani kama kisu. Hapa sijui lugha nyingine ambayo ningependa kuwa naitafsiria.

Mfano wa tatu, mistari michache tu baadaye. Cassius anamfukuza mzee Publius kwa wema: “leave us, Publius; lest that the people, / Rushing on us, should do your age some mischief.” “That” baada ya “lest” haina maana ya ziada, ni mtindo wa zamani, ipite. “Your age” ni uzee wako, yaani wewe uliye mzee. “Tuache, Publius, watu wasije wakatuvamia wakakudhuru nawe mtu mzima.” Nimemwita mtu mzima kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu angemwambia mzee, hata akiwa na jambia mkononi.

Mfano wa nne, tendo la 5, onyesho la 3. Cassius amekufa. Brutus anaagiza maiti ipelekwe Thasos: “His funerals shall not be in our camp, / Lest it discomfort us.” “Discomfort” hapa si usumbufu wa kiti kibovu. Ni kuvunjika moyo kwa askari kabla ya vita. “Mazishi yake yasifanyike kambini mwetu, yasije yakatuvunja moyo.” Na tena, kitenzi: “it discomfort”, bila s.

Umefaulu kama tafsiri zako nne zinatofautiana. Kama zote zimeanza na “isije ikawa”, rudia.

## Hatua ya 6: Kuandika “lest” mwenyewe kwa Kiingereza

Tumeona “he find”, “he be”, “I be”, “it discomfort”. Hakuna s, hakuna “is”, hakuna “am”. Baada ya “lest”, kitenzi cha Kiingereza cha fasihi hubaki kitupu, au hutanguliwa na “should”. Basi. “Hide the letter lest your father find it.” “Hide the letter lest your father should find it.” Wapo siku hizi wanaoandika “finds”, na magazeti huwaachia, lakini katika sentensi ya kifasihi itaonekana kama kandambili chini ya kanzu. “Will” haina ruhusa kabisa.

Kinga ikiwa ya wakati uliopita, balaa halihitaji kubadilika: “She hid the letter lest her father find it.” Mwanafunzi wa Kiingereza hushtuka hapa kwa kuwa amefundishwa kupatanisha nyakati. Mswahili hana sababu ya kushtuka. “Ficha barua baba asije akaiona.” “Aliificha barua baba asije akaiona.” Je, “asije akaiona” imebadilika? Haikubadilika. Ukisahau kanuni ya Kiingereza, jikumbushe yako.

Usilitumie badala ya “in case”. “Take an umbrella in case it rains” ni sawa, kwa sababu mwavuli hauzuii mvua; unajiandaa tu. Ukitaka “lest”, taja kitu ambacho mwavuli unakizuia kweli: “Take an umbrella lest you be drenched.” Kwa Kiswahili pia tofauti ipo. “Beba mwavuli, huenda mvua ikanyesha,” lakini “beba mwavuli usije ukalowa.”

Na kipimo. Moja kwa ukurasa inatosha, tena ukurasa wenye uzito. Ukimwandikia fundi ujumbe wa simu, “Come early lest the cement dry,” sarufi yako ni safi na fundi atadhani umeokoka.

Neno juu ya “Lest we forget”, kwa sababu huulizwa kila mwezi wa kumi na moja. Ni kibwagizo cha shairi la Rudyard Kipling la 1897, na leo huandikwa kwenye kumbukumbu za waliokufa vitani Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko. Ni balaa bila kinga. Kwenye shairi kinga ipo: ni dua, Mungu aendelee kuwa nasi. Kwenye jiwe dua imeondolewa, na jiwe lenyewe ndilo limekuwa kinga. Ukiandika “Tusisahau” umetoa amri. Ukiandika “Tusije tukasahau” umeacha hofu ikae palepale ilipokuwa, na mimi ningechagua hiyo.

## Hatua ya 7: Msomee mtu

Msomee yule mtu wako tafsiri peke yake, bila Kiingereza. Kisha muulize maswali mawili: nani anaogopa nini, na nani anayeweza kuumia? Akijibu bila kufikiri, umemaliza. Akisema “rudia,” tatizo mara nyingi ni upatanisho: -sije ya mtu mmoja imeshikana na -ka- ya mwingine. Akicheka, angalia kama hujaongeza ukanushi wa pili.

Usimsomee mwalimu wa Kiingereza. Atakusaidia kimoyomoyo kwa kuikumbuka sentensi ya asili, na utadhani umefaulu.

## Mazoezi matatu na majibu yake

Funika majibu kwanza.

Mithali 26:4 na 5, King James, mistari inayofuatana na kupingana waziwazi: “Answer not a fool according to his folly, lest thou also be like unto him.” Halafu: “Answer a fool according to his folly, lest he be wise in his own conceit.” Jibu langu: “Usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, usije nawe ukafanana naye.” “Mjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, asije akajiona mwenye hekima.” Zoezi hili nalipenda kwa kuwa kinga ya kwanza imekanushwa na ya pili haikukanushwa, na “lest” haijali. Mtendaji wa balaa naye amebadilika: usije, asije. Aliyeandika “usije” mara mbili hakusoma.

La pili, Juliet anamkataza Romeo asiape kwa mwezi unaobadilika kila mwezi: “Lest that thy love prove likewise variable.” Jibu: “penzi lako nalo lisije likageukageuka vivyo hivyo.” Kama umeitafsiri “prove” kuwa kuthibitisha, fungua kamusi, hapa ni kuonekana, kutokea kuwa.

La tatu ni gumu, na siku ya kwanza nilipolikuta nililiacha wiki nzima. Macbeth, tendo la 2, onyesho la 4. Ross anakwenda Scone kumwona Macbeth akitawazwa. Macduff hataki, anarudi kwake Fife. Anamuaga: “Well, may you see things well done there: adieu! / Lest our old robes sit easier than our new!” Kinga si “adieu”. Kinga ni ile dua iliyotangulia, kwamba mambo yaende vizuri huko. Balaa ni mavazi, yaani utawala: ule wa zamani uje kuonekana ulitukaa vyema kuliko huu mpya. “Haya, Mungu akujalie uyaone yakifanyika vyema huko. Kwaheri. Nguo zetu kuukuu zisije zikatukaa vizuri kuliko mpya.” Nimeacha nukta kabla ya balaa kwa makusudi, ili Ross awe ameshageuka kuondoka ndipo aisikie.